Dada wa Steshenari ya Posta, Fundi wa Kariakoo na Linux: Historia Ambayo Hujasimuliwa

Leo sina ugomvi wa mastaa, wala sina picha za harusi ya mtu. Nina stori ya watu watatu ambao majina yao siyataji. Wawili bado wanatafuta riziki hapa hapa mjini, na wa tatu siku hizi ana ajira yake nzuri na hataki bosi wake ajue kwamba aliwahi kulia mbele za watu, hatua chache kutoka sanamu ya Askari.

Ni stori ya kompyuta. Usikimbie kwanza! Kama umewahi kupeleka flashi steshenari halafu ikarudi na virusi, hii inakuhusu. Na ndani yake kuna historia ya mji wetu ambayo shuleni hatukufundishwa.

SIKU FLASHI ILIPOGEUKA TUPU

Ilikuwa kabla ya korona. Nilikuwa Posta kutoa fotokopi ya vyeti, kwenye kistudio fulani chini ya ngazi za jengo la zamani, zile steshenari za kompyuta mbili, mashine moja ya fotokopi na kiti cha plastiki kimoja ambacho wateja wanapokezana. Mwenye steshenari ni dada mmoja mcheshi, anakuita "mdogo wangu" hata kama mmelingana umri.

Akaingia binti wa chuo, mwaka wa mwisho, jasho linamtoka. Anataka kuprinti ripoti yake ya utafiti na kuibaindi. Mwisho wa kukabidhi ni saa kumi jioni siku hiyo hiyo, na muda huo ilikuwa saa sita na ushee. Akatoa flashi. Dada akachomeka. Ndani kulikuwa na vialama vyenye mshale mdogo pembeni, kila faili limegeuka shotikati. Unabofya, hakifunguki kitu. Unabofya tena, vinazaana.

Mnaovijua virusi vya shotikati, mnajua uchungu wake. Binti aliganda. Akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nakala nyingine sina. Laptopu yangu iliibiwa wiki iliyopita." Halafu machozi.

Jamaa wa duka la jirani, naye eti fundi, akachungulia akatoa hukumu: "Hiyo imekufa. Formati tu uanze upya." Wadau, kufomati maana yake ni kufuta kila kitu. Miezi minane ya kuhoji akina mama wa sokoni, kuandika, kurekebishwa na msimamizi na kuandika tena, eti ianze upya mchana mmoja!

Dada akamkatalia. Akachukua simu, akampigia fundi wake wa Kariakoo. Mzee mmoja mpole, umri wa kuwa baba zetu, anatengenezea kompyuta kwenye kibanda upande wa Msimbazi. Foleni ilikuwa ya kufa mtu, akaja kwa miguu, akakatiza Mnazi Mmoja na begi lake kifuani. Alipofika sote tukasema shikamoo, akaitikia, akamtazama binti, akasema, "Mwanangu, futa machozi kwanza. Hujafiwa."

Akatoa flashi yake mwenyewe, akaichomeka kwenye kompyuta, akaizima na kuiwasha tena huku akibonyeza kitufe kimoja. Baada ya dakika kama mbili ikawaka sura tofauti kabisa: menyu pale chini kushoto, saa kule kulia, picha nzuri nyuma. Mimi nilikuwa nasubiri aanze kuandika yale maandishi ya kijani kwenye skrini nyeusi, kama wadukuzi wa kwenye muvi. Hakuandika hata herufi moja. Akachomeka flashi ya binti, akabofya mara mbili.

Mafaili yote yalikuwepo. Ripoti, madodoso, picha, kila kitu.

Ukweli ni kwamba virusi vile havikufuta chochote. Vilikuwa vimeyawekea mafaili alama ya "kufichwa" ambayo Windows huiheshimu, kisha vikaweka shotikati za uongo badala yake. Ule mfumo wa mzee haukujali alama hiyo, ukaonyesha kila kilichomo. Na virusi vyenyewe, vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows, vilikaa pale kimya kama samaki aliyetupwa mchangani, haviwezi kufanya kitu.

Dada akauliza, "Mzee, hii nini?"

"Linux."

"Si ile ya kuandika amri kwenye dirisha jeusi? Mimi nilijua ni ya watu wa chuo tu."

Mzee akacheka. "Hayo ni mambo ya zamani, binti yangu. Umeniona nimeandika amri hapa?"

Binti alikabidhi kazi yake saa tisa na nusu. Mimi nilibaki na swali. Kama kitu hiki kipo, ni cha bure, na hakihitaji amri, kwa nini mji mzima hatukijui? Ndipo nikaanza kuchimba.

TULIANZA KWA KUZIOGOPA

Turudi nyuma kidogo. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mashine yenyewe ilikuwa kubwa, siyo ya kubeba kwapani. Hesabu za serikali zikapelekwa kwenye mashine, mambo yakavurugika, zikaja hasara. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iligusa na televisheni. Aliyetaka kompyuta alihitaji kibali maalum.

Kwa hiyo wakati vijana wa nchi nyingine wanacheza na kompyuta za nyumbani miaka ya themanini, sisi tulikuwa na mashine chache za ofisi kubwa. Televisheni nayo ilikuja kushika kasi Bara mwaka 1994 ITV ilipoanza, ilhali Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Kizazi cha wazazi wetu hakikukua na kompyuta mezani. Masharti yalipolegea na mashine zikaanza kumiminika, hasa za mtumba, zilikuja na Windows ndani. Watu wakajua kompyuta ni Windows na Windows ni kompyuta, kama ambavyo dawa yoyote ya meno kwetu tuliita Colgate.

KIJANA WA HELSINKI

Huko Ufini, tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki anayeitwa Linus Torvalds alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, kama kitu cha kujifurahisha. Ndiyo ikawa Linux. Mwenzake wa Marekani, Richard Stallman, alikuwa ameanza tangu 1983 mradi wa GNU wa kuandika programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichungulia ndani, kuzibadilisha na kuwagawia wengine. Vitu hivi viwili vikaoana.

Lakini tuseme kweli: Linux ya wakati ule ilikuwa noma. Ukiwasha unakutana na skrini nyeusi na kamstari kanakopepesa, kanasubiri uandike amri. Ukikosea herufi moja, umeumia. Sifa ya "dirisha jeusi" ilitokea hapo, na haikuwa uongo.

Walioliona tatizo hilo mapema walikuwepo. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa KDE, na 1997 ukaanza GNOME. Yote miwili ilikuwa na lengo moja: kuipa Linux madirisha, menyu na vialama vya kubofya, ili mtu wa kawaida asilazimike kujua amri. Mwaka 2000 Mjerumani mmoja akatoa Knoppix, CD ambayo unaichomeka tu na kompyuta inawaka nayo bila kusakinisha chochote. Ule ujanja wa mzee wetu wa Kariakoo wa kuwasha kompyuta kwa flashi ni mjukuu wa CD ile.

LINUX ILIFIKA DAR KWA S.L.P.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Oktoba 2004 ilitoka Linux inayoitwa Ubuntu. Aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, tajiri aliyeuza kampuni yake mwaka 1999 na mwaka 2002 akalipia safari ya kwenda anga za juu. Jina Ubuntu ni la lugha za kusini, na sisi Waswahili hatuhitaji kamusi: ubuntu ni utu. Mzizi ule ule.

Ubuntu ilikuwa na kampeni moja ambayo vijana wa leo hamtaamini. Ulikuwa unaingia kwenye tovuti yao, unajaza jina na anwani, na wanakutumia CD nyumbani, bure, hata gharama ya stempu hulipi. Mpango huo uliitwa ShipIt, ukadumu mpaka Aprili 2011.

Sasa fikiria Dar ya 2005. Nyumba zetu hazina namba anayoijua tarishi, barua zinakuja kwenye sanduku. Mshikaji akijaza fomu kwenye intaneti kafe, kwa kulipia saa moja, anaandika S.L.P. ya ofisini kwa baba au ya shule. Wiki kadhaa baadaye anakwenda Posta, anafungua kisanduku na ufunguo mdogo, anakuta bahasha kutoka Ulaya yenye CD za rangi ya kahawia. Kaka mmoja wa mtaani kwetu aliagiza kwa namna hiyo, akapata kumi, akazigawa zote kijiweni. Wengine walizitundika kwenye kioo cha daladala, ziking'aa.

Kwa hiyo mtu akikwambia Linux ni kitu cha mbali, mwambie iliingia mjini kwa mlango wa Posta, kama kadi za Krismasi.

MLIMANI NAO HAWAKULALA

Mwaka huo huo wa 2004, pale Mlimani, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na mradi uitwao Kilinux, wakishirikiana na wataalamu wa kampuni ya Uswidi ya IT+46, kwa fedha za shirika la misaada la Uswidi, Sida. Kazi yao ilikuwa kuifanya kompyuta iongee Kiswahili. Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua, kupiga hesabu na kutengeneza maonyesho, menyu zake kwa Kiswahili, na bure.

Jaribu kupata picha ya kazi yenyewe. Kabla ya kutafsiri inabidi kwanza mkubaliane maneno. Kompyuta tuiite kompyuta, ngamizi au tarakilishi? Kuna "kuhifadhi", "kuhariri", "kubandika", "kivinjari". Mengine yalikuwepo mtaani, mengine yalihitaji kutungwa au kuokotwa kwenye kamusi. Leo unaposema "barua pepe" au "tovuti" bila kufikiri, jua kuna watu walikaa vikao kuyazoesha maneno ya aina hiyo. Nenda Kariakoo ukaulize bei ya tarakilishi kama hujachekwa! Mtaa nao una kura yake.

Mwaka huo huo Microsoft nao walitangaza mpango wa kuleta bidhaa zao kwa Kiswahili. Kwa kipindi kifupi Kiswahili kiligeuka bibi harusi, kila mtu anataka kumposa.

SASA KWA NINI HATUKUSHIKA?

Nimelitafakari sana swali hili, na jibu langu si "dirisha jeusi" peke yake. Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni muziki. Ndiyo, muziki! Miaka ile Bongo Flava imepamba moto, kazi ya kwanza ya kompyuta ya kijana wa mjini ni kupiga nyimbo za MP3. Sasa Ubuntu ya mwanzo ukiisakinisha, MP3 haipigi. Teknolojia ile ilikuwa chini ya hataza, watengenezaji wakaogopa kuiweka ndani ya CD ya bure. Ilibidi uipakue mwenyewe baadaye. Umepata kompyuta ya bure, isiyo na virusi, halafu haipigi wimbo hata mmoja! Nani atakaa nayo? Hataza za MP3 zilikuja kuisha mwaka 2017.

Ya pili ni intaneti. Linux inadhani umeunganishwa. Ukitaka programu, inaivuta mtandaoni. Nchi za wenzetu hilo ni jambo dogo. Sisi mpaka katikati ya 2009 tulitegemea satelaiti, ghali na ya kusuasua. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na EASSy ukafuata 2010. Kabla ya hapo kupakua programu moja kubwa kungekumalizia hela ya nauli ya wiki. Windows ya kukraki, kwa upande mwingine, ilipatikana kwenye CD Kariakoo, na programu zote zilikuwa kwenye CD nyingine kibanda hicho hicho. Intaneti yetu ilikuwa mkono kwa mkono.

Ya tatu ni mazoea ya mafundi na ya shule. "Kupiga Windows" ni biashara. Elfu kumi, elfu kumi na tano, dakika arobaini umemaliza, na mteja atarudi baada ya miezi mitatu virusi vikimzidi. Fundi gani ataua kuku anayetaga? Na shuleni tulifundishwa kompyuta kwa Kiingereza, tukakariri mahali kitufe kilipo. Ukimletea mtu aliyekariri hivyo menyu ya Kiswahili, anapotea ingawa lugha ni yake. Naamini ndilo lililoikwaza ile Jambo pia: ilikuja kwa watu ambao tayari walishafundishwa kwingine.

Ukiziangalia sababu hizo tatu utaona kitu. Dirisha jeusi lilibaki kuwa kisingizio muda mrefu baada ya kuacha kuwa tatizo.

MAMBO YALIVYOGEUKA BILA MATANGAZO

Juni 2006 Ubuntu walitoa toleo ambalo CD yake inawaka kwanza, unaijaribu, ukiipenda unabofya kialama cha kusakinisha, unajibu maswali machache: lugha, saa za eneo, jina lako, nenosiri. Amri hakuna. Mwaka huo huo ikatoka Linux Mint, ambayo haraka ikajijengea jina kwa jambo moja tamu: ilikuja na muziki na video zinazopiga siku ya kwanza. Mwaka 2009 Ubuntu wakaongeza duka la programu, unatafuta, unabofya, inaingia. Umeshawahi kuona kitu cha namna hiyo? Bila shaka, kwenye simu yako.

Na hapo ndipo mzee wa Kariakoo alipomwambia dada maneno ambayo sikuyasahau. Alimwonyesha simu yake dada. "Hii ni Android?" Dada akaitikia. "Basi ndani yake kuna Linux. Miaka yote hii unaitumia, unaitumia WhatsApp, unapokea miamala. Umewahi kuandika amri?"

Ni kweli kabisa. Kiini cha Android ni Linux, tangu ilipotoka 2008. Pita mitaa ya Agrey na Likoma leo, hesabu simu zilizopangwa kwenye vioo. Nyingi ni Linux iliyovaa gauni lingine. Mji mzima tunatumia Linux, isipokuwa tu hatukuambiwa.

Kitu kingine kilichogeuka ni kazi zenyewe. Steshenari ya zamani ilikuwa kuchapa barua. Ya leo ni fomu za mtandaoni: mkopo wa HESLB, NIDA, RITA, BRELA, TRA, maombi ya ajira. Zote hizo zinafunguka kwenye kivinjari, na Firefox ya Linux ni ile ile ya Windows. Zamani ungeuliza "programu yangu ipo?" Sasa kazi nyingi zimehamia kwenye tovuti, na tovuti haiulizi umevaa nini.

DADA ANAFANYAJE KAZI?

Baada ya siku ile dada aliomba mzee amsakinishie Linux Mint kwenye kompyuta moja, ile nyingine ibaki na Windows. Nimekuwa mteja wake tangu hapo, nimeona kwa macho.

CV na barua anaandika kwenye LibreOffice, mtoto wa ile OpenOffice, alitengana na familia mwaka 2010. Faili la Word la mteja linafunguka. Wakati mwingine herufi zinasogea, kwa sababu fonti ya mteja haimo kwenye mashine. Anabadilisha fonti, anaangalia kurasa, ndipo anaprinti. Akimaliza anamwambia mteja, "Nikutolee PDF, mdogo wangu, hiyo haibadiliki popote utakapoifungua." Ushauri wa bure, na ni wa maana kwa Windows pia.

Printa yake aliichomeka, ikajitambulisha yenyewe. Kuskani kuna programu imo tayari. Akitaka programu mpya anafungua duka lenye picha na maoni ya watumiaji. Masasisho yakija, pale chini kulia kunatokea ngao ndogo yenye alama. Anaibofya, anaweka nenosiri, anaendelea kuhudumia wateja. Na kuna programu ya kurudisha kompyuta ilivyokuwa jana endapo mambo yakiharibika, nayo ni ya kubofya.

Flashi za wateja zote zinaanzia kwenye kompyuta ya Linux. Ameandika kwa peni nyekundu ukutani: FLASHI YAKO IPITE HAPA KWANZA. Anakuonyesha, "Unaona hivi vishotikati? Si vyako hivi, nivifute?" Watu wanashangaa kama wameonyeshwa mzimu.

TUSIDANGANYANE LAKINI

Nisije nikaonekana nimelipwa. Linux siyo pepo. Kama kazi yako ni uhasibu wa Tally, au unategemea Photoshop kutengeneza kava za wasanii, hizo hazijatengenezewa Linux. Zipo mbadala lakini ni kujifunza upya. Printa za aina fulani zina kiburi, angalia kabla hujanunua. Virusi vya Linux navyo vipo, ni vichache tu kwa mtumiaji wa kawaida, na utapeli wa kukuomba nenosiri haujali mfumo. Ndiyo maana dada aliacha kompyuta moja ya Windows, na siku hizi ana leseni halali, hanunui tena CD ya mtaani. Kukraki ni wizi, na mara nyingi mlango wa virusi ni hiyo hiyo programu iliyovunjwa.

Na lile dirisha jeusi bado lipo. Mzee akija hulifungua mara moja moja, kwa sababu fundi anapenda njia ya mkato. Ukitafuta msaada mtandaoni utapewa mistari ya amri, si kwa sababu hakuna kitufe, ila kwa sababu kunakili mstari mmoja ni rahisi kuliko kupiga picha kumi za "bofya hapa, sasa bofya pale". Anayetafuta anaona amri, anaogopa, anafunga. Hivyo sifa mbaya inaendelea kuishi. Ushauri wa dada mwenyewe: mstari usioujua usiubandike, tafuta kwanza kwenye mipangilio, mara nyingi kitufe kipo.

NANI ALIPATA HASARA?

Nilimchokoza mzee siku moja. Nikamwambia, "Mzee wangu, si umeua biashara yako mwenyewe? Dada alikuwa anakuita kila mwezi kupiga Windows."

Akanywa kahawa yake taratibu, kikombe kidogo cha muuza kashata, akasema, "Ni kweli, mteja wa kila mwezi nilimpoteza. Lakini yule binti alikwenda kusimulia chuoni. Walikuja sita wiki ile. Fundi unaishi kwa jina, huishi kwa virusi."

Na suala lenyewe limekuja mlangoni kwetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo laptopu nyingi za mtumba hazina. Zile mashine zilizojaa kwenye maduka ya Posta na Kariakoo bado ni nzima, betri inashika, skrini safi. Mwenye nazo ana njia chache: anunue mpya, aendelee hivyo hivyo bila ulinzi, au ajaribu kile alichokifanya mzee siku ile, awashe kwa flashi, aangalie, asipopenda achomoe na kila kitu kibaki kama kilivyokuwa. Tulipopigwa marufuku mwaka 1974 hatukuulizwa. Tulipoletewa Windows ya CD hatukuulizwa pia. Safari hii angalau uchaguzi uko mkononi mwetu, na unaanza kwa kubofya.

Yule binti? Mwezi uliopita nilimkuta pale pale chini ya ngazi. Alimleta mdogo wake wa kidato cha sita kujaza fomu ya mkopo. Dogo akatoa flashi mfukoni, akataka kuichomeka kwenye kompyuta ya kulia. Dada yake akamshika mkono, akamwonyesha maandishi mekundu ukutani.

"Ipite hapa kwanza," akasema. "Usiniulize kwa nini."

Dada wa steshenari na mimi tukaangaliana, tukacheka.

Haya wadau, na wewe tuambie hapo chini: flashi ilishakuliza lini? Na yupo aliyepokea zile CD za Ubuntu kwa S.L.P.? Jitokeze, tiririka, ila majina ya watu tusitaje!